Kizibao cha Manju

Mwezi wa Mfungo saba, tarehe 4, mwaka 1323 wa Hijria. Rasbura, Lindi.

Tumeshindwa tena. Ni mara ya tatu tangu mavuno yaingie ndani, na mara zote tumeshindwa na watu wa Mjini, kwenye uwanja uleule, mbele ya macho yaleyale. Ada ya ngoma zetu haina maficho: vyama viwili vinapiga vikitazamana, watazamaji wanasimama katikati, na chama kitakachokimbiwa ndicho kilichoshindwa. Aliyeshindwa humpikia mshindi. Leo tumekimbiwa ngozi za ngoma zikiwa hazijapata joto. Nilimwona hata mama mkwe wangu akijikokota na mkongojo wake kwenda upande wa pili, tena bila haya.

Mimi Fakihi, fundi wa cherehani pale barazani kwa Dawoodbhai, ndiye mtungaji wa chama cha Rasbura. Mashairi yote tunayoimba ni yangu. Lakini mtungaji si manju. Manju ndiye anayesimama mbele, ndiye anayeanzisha wimbo na kuamua nani apige nini, na jina lake ndilo linaloitwa na watoto njiani. Manju wetu ni mzee Abdurahmani, na sauti imemwisha. Ubeti wangu anautamka kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki. Tunashindwa na mashairi mazuri mkononi, na hilo ndilo linaloniunguza roho.

Naandika hapa kwa sababu nikiyasema barazani wataniambia nina kijicho.

Mfungo saba, 5.

Tumewapikia watu wa Mjini. Wamekula, wameomba ukoko.

Mfungo saba, 8. Ijumaa.

Baada ya sala watu walijaa kwa mzee Nassibu, ambaye ngoma zetu hulala nyumbani kwake. Hakuna aliyekuja kumjulia hali. Walikuja kumzika Abdurahmani akiwa hai. Huseni mchoma chokaa, ambaye hajui kupiga hata sinia lakini hajawahi kukosa ngoma, alisema kwa saa nzima. Abdurahmani abaki nyumbani anywe uji. Abdala, mwenzetu wa chama, akasema aletwe manju kutoka Kilwa Kivinje, maana huko ndiko kwenye ngoma. Mwingine akasema wa Kilwa wana maringo, watatufanya watumwa. Mwingine akamtaja shemeji yake. Ukawa mzozo mtupu, kila mtu ana manju wake mfukoni, na wote wanaongea kana kwamba wao ndio waliokuwa wakipiga.

Mimi nilikaa pale panapoonekana. Nilikuwa nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nilingoja mtu mmoja aseme, jamani, mbona Fakihi tunaye? Ni nani anayeyajua mashairi kama mwenye kuyatunga? Mzee Nassibu alinitazama kidogo, nikaweka uso vizuri. Akaniomba nimsogezee kata ya maji.

Nilipofika nyumbani nilimwambia Somoe, mke wangu. Yeye ndiye kiongozi wa waitikiaji wa kike, anajua mambo. Akanijibu huku anapepeta mchele kwamba hajali manju atakuwa nani, ilimradi yeye asipikie tena watu wa Mjini.

Mfungo saba, 12.

Nimefanya mazoezi ya sauti uani. Mbuzi wa jirani alikata kamba.

Mfungo saba, 15.

Amekuja mtu. Anaitwa Likwata, Mmwera wa ndani huko, upande wa Mtama, alishuka na mzigo wa nta kichwani. Mzigo ameuacha dukani kwa Dawoodbhai na yeye mwenyewe amebaki. Nilikuwa pale pale nashona. Aliniamkia vizuri, shikamoo kaka, nikamwitikia marahaba nikiwa sijainua kichwa. Kisha akaanza kupiga vidole kwenye debe la mafuta ya nazi huku akingoja mizani. Nakiri hapa kwa sababu hapa hapana mtu: mguu wangu ulipotea kwenye kanyagio la cherehani. Mshono ukaenda upogo.

Huseni alikuwa anapita. Huseni hukosa kila jambo la maana duniani, lakini hilo hakulikosa.

Mfungo saba, 19.

Wamemjaribu uani kwa Nassibu. Walimpa vumi, ile ngoma yetu kubwa, akaipiga. Wakampa chapuo, ile ndogo, akaipiga. Wakampa ubeti wangu, ule wa mwezi na wingu. Akaniomba nimsomee mara mbili, kisha akauimba kwa mahadhi ambayo sijawahi kuyasikia, mahadhi ya huko kwao, yanapanda pale ambapo sisi tunashuka. Wanawake walitoka jikoni. Somoe alitoka na mwiko mkononi.

Ubeti ule nilikesha nao. Leo umeonekana ni wa Likwata.

Mfungo saba, 22.

Amechaguliwa. Abdurahmani mwenyewe alisimama akavua kofia yake nyekundu akamvisha, na alikuwa akitabasamu. Sijui mtu anapataje moyo wa namna hiyo. Huseni alirusha kilemba juu. Mimi niliulizwa mwisho kabisa, pengine kwa sababu nilikuwa karibu na mlango, nikasema ni shauri la wengi. Mzee Nassibu akasema vizuri, na kwa kuwa Fakihi ameridhia, yeye ndiye atakayemshonea manju kizibao.

Mfungo nane, 2.

Nimempima Likwata. Nimesimama nyuma yake na kipimo changu, mikono yake imeinuliwa kama ya mtu anayeomba dua. Ana mabega. Alisema maneno mengi ya adabu, kwamba yeye si mjuzi wa mashairi na ataniegemea mimi. Ataniegemea! Kama mimi ni nguzo ya kibanda.

Kitambaa ni chekundu, kizuri, Dawoodbhai alikuwa amekiweka kwa ajili ya harusi. Nimekikata vyema. Ila makwapani nimekaza. Si sana. Mtu akisimama tu kimemkaa kama kwa mfalme, lakini akitaka kuinua mikono juu ya vumi atajua kuwa Rasbura kuna fundi.

Mfungo nane, 10.

Tumeshinda.

Niandike ilivyokuwa. Kabla ya kutoka, Likwata aliomba chungu cha maji na kitawi cha majani. Akanong'ona ya kwao, akanyunyizia ngoma, kisha akatunyunyizia na sisi, mmoja mmoja, kichwani. Kwao ndivyo wanavyoizindika ngoma. Abdurahmani alikuwa akifukiza ubani na kusoma Fatiha, na mimi nikawasomea Fatiha kwa sauti kubwa makusudi, lakini watu walikuwa wanasukumana wapate matone. Huseni alinyunyiziwa mara mbili, na yeye hachezi.

Uwanjani Likwata aliinua mikono. Nilikuwa nimesimama pembeni nikingoja. Kizibao kikalia prrr, kwapa la kulia, halafu la kushoto. Nikaona sasa ataona haya, ataomba shuka ajifunike. Wapi. Mikono ikawa huru, akapiga kama mtu aliyefunguliwa kamba. Watu wa Mjini waliachwa na wake zao wenyewe. Mama mkwe wangu alirudi na mkongojo wake.

Mfungo nane, 13.

Vijana watatu wameniletea vizibao vyao. Wanataka niwapasulie makwapani, kama vya manju. Nimewapasulia.

Mfungo nane, 17.

Tumeshinda tena. Tumekula pilau ya watu wa Mjini. Ilikuwa na kokoto, lakini watu waliisifu.

Mfungo nane, 21.

Leo nimerudi kutoka kazini nikamkuta Likwata amekaa mlangoni kwangu, na Somoe yuko ndani ya kizingiti, wanacheka. Wanaongea Kimwera. Mama yake Somoe ni wa huko, mimi najua, lakini miaka yote ya ndoa yetu sijamsikia akicheka kwa lugha hiyo. Niliuliza kuna habari gani. Somoe akasema ni hadithi ya fisi na mkwe wake, ukiisema kwa Kiswahili inapoa. Likwata aliinuka, akaniachia nafasi kwenye mkeka, akasema amekuja kuchukua ubeti mpya.

Nilimwambia ubeti haujaiva. Ulikuwa umeiva tangu juzi, uko mfukoni.

Sikula. Somoe aliniuliza tumbo linauma? Nikamwambia ndiyo, linauma. Akasema tumbo hilo halitibiwi kwa tangawizi. Kisha akasema, bila kunitazama: "Makwapa yale uliyakaza wewe. Mimi nimekuona ukikata vitambaa miaka yote, hukosei."

Mfungo nane, 26.

Nimetunga kijembe. Nimekitunga kwa hasira na kimetoka chenyewe, hakikunihangaisha hata kidogo:

*Fundi katoka barani,*
*kaja na chungu cha maji,*
*atunyunyiza vichwani,*
*hadhuriki mchezaji.*

Ni kejeli tupu, mtu mwenye akili ataona. Ina maana kwamba Rasbura siku hizi hatuhitaji mtungaji wala mpigaji, tunahitaji mchota maji. Nimewaimbia wachache barazani kwa Dawoodbhai. Walicheka sana. Mwenyewe Dawoodbhai aliomba nirudie.

Mfungo nane, 29.

Kijembe changu kinaimbwa kisimani. Kinaimbwa na wachukuzi wa pwani. Nilikuwa na furaha ya kweli mpaka nilipompita Likwata mwenyewe uani kwa Nassibu, anawafundisha wapigaji kukipiga. Amekitilia mahadhi. Amesema ni wimbo mzuri kuliko yote niliyotunga na ataufungulia ngoma.

Mtu wa namna hii utamfanya nini?

Mfungo tisa, 6.

Wafanyabiashara waliotoka Kilwa wana habari mbaya. Huko milima ya Umatumbi watu wameng'oa pamba ya serikali, wamekataa kazi ya shamba, wamechoma nyumba. Wanasema kuna mganga anawapa maji, na aliyenyunyiziwa haingiwi na risasi. Huseni anasema ni uzushi wa Kilwa, wale wana maringo.

Mfungo tisa, 8.

Tumeshinda kwa wimbo wa chungu. Watu wote wa uwanjani waliitikia, na wa Mjini pia. *Hadhuriki mchezaji.* Walikuwa wanapiga makofi na kumwita Likwata. Mtunzi nilikuwa nimesimama nyuma ya vumi nikishika mti wa bendera.

Mfungo tisa, 15.

Askari wengi wameshuka pwani. Sauti za bunduki za mazoezi tangu asubuhi. Ninashona mifuko ya boma, kazi ya haraka, kitambaa kigumu, sindano mbili zimevunjika.

Mfungo tisa, 20.

Mzee Abdurahmani alinijia kazini. Zamani nilimwona kama mzigo wa chama, leo nimemwona mzee mwenye akili kuliko sote. Aliketi, akaniuliza habari za nyumbani, akanywa maji. Kisha akasema ule wimbo wangu sasa uache kuimbwa. Nikamwambia ni kejeli ya ngoma, kila mtu anajua. Akasema watu wa Rasbura wanajua, na watu wa Mjini wanajua, lakini akida wa serikali hachezi ngoma.

Nilipita kila mahali nikiwaambia watu wasiuimbe. Wimbo ukishatoka, nenda kawaambie wachukuzi wanyamaze. Wengine walidhani namwonea Likwata wivu, wakauimba kwa nguvu zaidi.

Mfungo tisa, 28.

Wamwera nao wameingia vitani. Watu wa misheni wamefika mjini kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope. Miongoni mwao mama mmoja, Yustina, amepewa nafasi kwa jirani. Amebeba mtoto na kengele ndogo ya mezani, hajui kwa nini aliichukua kengele. Somoe amempelekea uji. Akida ametangaza: hakuna ngoma, hakuna mikusanyiko.

Likwata ana mama yake huko ndani. Amekaa uani kwa Nassibu siku nzima, hagusi ngoma. Nilitaka kumwambia neno la kumpoza, nikamsogezea kata ya maji.

Rajabu, 4.

Nitaandika kabla hawajaja kunichukua. Wamenipa mpaka jua lizame, niage nyumbani. Askari mmoja amekaa mlangoni kwangu anakula muhogo.

Adhuhuri ya leo tulikuwa kwa Nassibu, wanachama wote, tukibishana. Akida kakataza ngoma, je, tukazifukie ngoma au tuzipeleke boma wenyewe tuonekane wema? Huseni alitaka tuzifukie. Abdala alitaka tuzipeleke. Chungu cha Likwata kilikuwa palepale pembeni ya ukuta, na maji ndani yake, hakuna aliyekifikiria. Nami sikukifikiria, mimi niliyekiimba.

Mtoto wa jirani akapita mbio akisema askari wanakuja na akida, wanauliza nyumba ya chungu.

Hapo nilimwona Somoe. Alitoka chumba cha wanawake na mrashi wetu, sijui aliuleta lini, ule wa fedha, wenye marashi tuliyonyunyiziwa siku ya harusi. Marashi yale yamekaa miaka yote. Sikuwahi kumruhusu aguse, hata mwanangu alipozaliwa tulitumia mengine. Akaufungua akayamimina yote kwenye chungu cha Likwata. Yote, mpaka tone la mwisho, akautikisa mrashi. Harufu ikajaa ua mzima. Wallahi nilisimama pale roho inanitoka, na si kwa ajili ya askari. Nilijiuliza kama kingekuwa chungu changu angeyamimina?

Wakaingia. Akida ni mtu wa pwani kama sisi, anavaa joho, anajua kila kitu na anajifanya hajui. Hakuketi. Alisema amesikia wimbo, na akautaja ubeti wangu neno kwa neno, na katika kinywa chake haukuwa kejeli tena. Ulikuwa kitanzi. Akauliza:

"Nani manju wa Rasbura?"

Likwata alikuwa amekaa karibu na vumi. Niliona anakusanya miguu ili asimame. Mtu asiyejua kusema uongo utamjua tu, uso unamtangulia. Na mimi, Mungu ananiona, niliwaza: haya sasa. Jina lake litatajwa tena, mbele ya akida na askari, na boma wataliandika kwenye vitabu vyao, manju wa Rasbura, Likwata. Hata atakapokufa atakuwa amekufa manju.

Akasema mtu mwingine kabla yake. Huseni. Huseni huyu mchoma chokaa aliyerusha kilemba juu siku ile.

"Manju wetu ni Fakihi, bwana."

Abdala akasema ndiyo, ni Fakihi. Mzee Nassibu akasema ndiye, tangu mavuno. Ua mzima ukaitikia, mmoja baada ya mwingine, hata wale vijana wa makwapa. Fakihi, Fakihi. Sijawahi kulisikia jina langu likisemwa hivyo na watu wengi. Nililingoja tangu Mfungo saba, nimelala nalo, nimeamka nalo, na wamenipa siku ambayo manju anatafutwa akapigwe. Kura yangu haikupingwa na mtu. Walikuwa wanamficha kipenzi chao nyuma ya mgongo wangu, na hawakuona haya kunitazama machoni.

Ningeweza kusema kweli. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuwa na haki nayo. Abdurahmani alikuwa ameinamisha kichwa, yeye peke yake hakuitikia.

Likwata akafungua mdomo: "Bwana, mimi ndiye..."

Hilo sikulivumilia. Watu wote wamesema Fakihi, na yeye anataka kuninyang'anya hapo hapo.

"Nyamaza wewe," nikamwambia. "Manju ni mimi. Wimbo ni wangu, chama ni changu. Huyu ni mpigaji wangu tu."

Akida akanitazama, akamtazama, akakiendea chungu. Akakiinamia. Nikamwambia ni marashi, bwana, tunawapokea wageni wa ngoma kwa marashi kama watu wote wa pwani, na mrashi wenyewe ule pale. Alichovya kidole akanusa. Nilimwona anajua. Marashi hayawekwi kwenye chungu. Lakini na yeye ni mtoto wa watu, ana mama yake Mikindani, na nadhani alitaka siku iishe. Akamimina chungu chini akakivunja kwa mguu. Akasema manju mwenye wimbo wa kipumbavu kama ule atapata hamsa ishirini za kiboko, asubuhi, bomani, mbele ya watu wake, na ngoma zote zitachukuliwa.

Somoe ananiita. Askari amemaliza muhogo.

Rajabu, 9.

Naandika nimelalia tumbo. Sitasema mengi juu ya kiboko. Mtu anayehesabu kwa sauti ni mwingine, si anayepiga, na anahesabu polepole. Sikutaja mtu. Sikuwa shujaa, nilikuwa nimeuma kilemba changu, nisingeweza kutaja hata jina la mama yangu.

Rajabu, 10.

Watu wanamiminika kuniona. Huseni analia kama mtoto, ameleta papai. Wananiita manju. Nimewaambia papai limeiva sana.

Rajabu, 13.

Likwata amekuja kuaga. Anakwenda kumtafuta mama yake. Nilimwambia njia imefungwa, kuna askari na kuna watu wa kwao wenye mikuki, na wote wawili watamwona adui. Akasema anajua. Alikuwa amekunja kizibao chekundu vizuri, akakiweka kando ya kichwa changu.

Somoe alikuwa jikoni, hakuja kuongea Kimwera.

"Kaka Fakihi," akasema mwisho, "hata kipigo changu umeninyima."

Nikamwambia alipewa kila kitu kingine. Akacheka, na mimi nikacheka, mgongo ukaniuma nikatukana. Akaniomba ule ubeti uliokuwa haujaiva. Nilimwambia Somoe autoe mfukoni mwa kanzu, umekaa humo tangu Mfungo nane. Nikamsomea mara mbili, kama kawaida yake. Hakuuandika, hajui kuandika. Aliondoka akiusemasema.

Rajabu, 21.

Hakuna habari.

Shaabani, 5.

Hakuna habari. Moshi unaonekana ndani huko wakati wa asubuhi. Ghala zinachomwa, wanasema, ili watu wafe njaa. Yustina amekigonga kile kikengele chake leo, mtoto alikuwa analia, kikamnyamazisha.

Shaabani, 17.

Dawoodbhai alitaka kukinunua kizibao, kitambaa hakipatikani tena. Nimemjibu vibaya. Kesho nitamwomba radhi.

Shaabani, 29.

Kesho au kesho kutwa tutafunga. Msimu wa ngoma umekwisha, na sisi wenyewe hatuna ngoma hata moja. Mimi ni manju wa chama kisicho na chapuo. Hata hivyo watoto wananiita njiani, na nageuka kila mara.

Leo wanawake wametwanga nafaka ya futari uani kwetu. Wakawa wanaimba taratibu kwa kufuata michi, ili isiitwe ngoma. Nilikuwa ndani. Ilinichukua muda kutambua kwamba wimbo ni wa kwangu mimi, wananisifu mimi:

*Fakihi manju Rasbura,*
*mgongo kautoa yeye...*

Moyo ulinijaa. Nikasogea mlangoni nisikie vizuri. Ndipo nikayasikia mahadhi. Yanapanda pale ambapo sisi tunashuka. Mume aliyepigwa ni mimi, sifa ni zangu, na Somoe anaziimba kwa sauti ya Likwata, amefumba macho.

Nilirudi ndani nikakaa kitako, siku hizi naweza. Nilikasirika mpaka wakamaliza kutwanga. Halafu nikakichukua kizibao. Makwapa yamepasuka vibaya, nyuzi zinaning'inia. Nilitaka kukikata nikivae mwenyewe, manju ni mimi, na mabega yangu si mapana, kingetoka vizuri. Nikatafuta kile kipande chekundu nilichokibania nilipokata, bado nilikuwa nacho. Nikaunga kwapa la kulia, nikaunga la kushoto, nikayaachia nafasi ya mikono ya Likwata kama nilivyoipima siku ile, bila kubana hata uzi.

Somoe alisimama mlangoni akanitazama. Akaenda kuwasha taa.

Kizibao akirudi atakikuta. Umanju simpi.